Mtungi wa gesi na maneno yake: kilo, presha, propani na mengine yanayotuchanganya

Tangu Mei 2024, Serikali ilipozindua mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, unaolenga kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo mwaka 2034, mazungumzo kuhusu mtungi wa gesi yametoka jikoni na kuingia ofisini, kwenye daladala na kwenye vijiwe vya kahawa. Jijini Dodoma gunia la mkaa bado husimama kando ya barabara zinazoingia mjini, na mtungi wa kilo sita husimama dukani hatua chache kutoka hapo. Kaya nyingi hutumia vyote viwili, lakini ni mtungi unaoulizwa maswali. Kwa nini gesi ya safari hii imeisha mapema? Kwa nini moto umekuwa wa njano? Hii ndiyo gesi ya Mtwara? Presha ikiongezwa, maharage yataiva haraka zaidi?

Jibu la haraka linalotolewa kibarazani ni kwamba gesi imechakachuliwa. Udanganyifu wa vipimo upo, nao tutaufikia, lakini malalamiko mengi yana maelezo mengine kabisa, na karibu yote yanatokana na jambo moja ambalo wauzaji wachache hujisumbua kulieleza: kinachojaza mtungi si gesi, bali ni kimiminika kinachongoja nafasi ya kuchemka. Anayelishika jambo hilo ataelewa bila shida kwa nini mtungi hupata ubaridi, kwa nini haupaswi kulazwa, na kwa nini kipimo cha haki ni mizani wala si sikio.

Anayetaka kukiona kimiminika hicho kwa macho yake achukue kiberiti cha gesi chenye mwili wa plastiki angavu na kukiinua kwenye mwanga. Kile kitu kinachochezacheza ndani kama maji ni butani, mojawapo ya gesi mbili kuu zilizomo katika mtungi wa jikoni. Ya pili ni propani. Mchanganyiko wa hizo mbili ndio unaoitwa LPG katika nyaraka na kwenye mabango ya wauzaji, na ndio ambao wengi wetu tunauita gesi ya mtungi. Hupatikana wakati wa kusafisha mafuta ghafi na wakati wa kuchakata gesi inayotoka visimani, kisha hushindiliwa kidogo tu ikageuka kimiminika, na hapo ndipo faida yake ilipo, kwa sababu lita moja ya kimiminika hicho ikiachiliwa hutanuka ikawa takriban lita 250 za gesi. Mtungi mdogo unaobebwa na bodaboda hadi Nkuhungu au Nzuguni usingeweza kubeba nishati ya wiki kadhaa kama ungejazwa gesi yenyewe.

Tofauti kati ya propani na butani ni joto la kuchemkia. Propani huchemka kwenye nyuzi 42 chini ya sifuri, na butani huchemka karibu na nyuzi sifuri. Kwa kuwa Dodoma haifikii sifuri hata katika usiku wa Julai, zote mbili zingechemka zenyewe mara moja kama zingemwagwa sakafuni. Ndani ya mtungi haziwezi kuchemka zikaisha, kwa sababu mvuke wa kwanza unaotoka hujaa katika nafasi iliyobaki juu na kukikandamiza kimiminika kilicho chini. Ukandamizaji huo ndio presha. Ukifungua jiko, mvuke kidogo hutoka, presha hupungua, na kimiminika huchemka tena kufidia pengo, na hali huendelea hivyo hadi tone la mwisho.

Hapa ndipo gesi ya Mtwara inapotenganishwa na gesi ya dukani, na nadhani mkanganyiko huu ndio mkubwa kuliko wote. Gesi iliyogunduliwa Songo Songo mwaka 1974 na Mnazi Bay mwaka 1982, ambayo tangu 2015 husafirishwa pia kwa bomba kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam, ni gesi asilia, na sehemu yake kubwa ni methani. Methani haigeuki kimiminika kwa kushindiliwa tu katika joto letu la kawaida. Hupaswa kupozwa hadi nyuzi 162 chini ya sifuri, au iachwe ikiwa gesi na kushindiliwa kwa presha inayokaribia bar 200, kama inavyofanyika kwa magari na bajaji zinazotumia gesi jijini Dar es Salaam. Mtungi wa jikoni haukuundwa kustahimili presha ya namna hiyo. Ndiyo maana gesi asilia yetu huenda zaidi kwenye mitambo ya umeme na viwanda, na kwa nyumba zilizounganishwa na bomba, huku LPG inayouzwa Majengo na Sabasaba hapa Dodoma ikiwa imeingia nchini kwa meli kupitia bandari za Dar es Salaam na Tanga kabla ya kupanda malori kuja bara. Anayeuliza kwa nini bei ya mtungi hupanda ilhali tuna gesi yetu wenyewe ana swali zuri, ila linahusu bidhaa mbili tofauti.

Turudi kwenye presha, neno linalotumika sana na kueleweka kidogo. Kipimo chake cha kawaida ni bar, na bar moja inakaribia uzito wa hewa inayotukandamiza tukiwa usawa wa bahari. Katika joto la nyuzi 20, propani tupu hutengeneza presha ya takriban bar nane, na butani tupu takriban bar mbili. Mchanganyiko huangukia katikati, kulingana na kiasi cha kila moja. Jiko la nyumbani, kwa upande wake, linahitaji presha ndogo mno, takriban milibari 30, yaani sehemu 30 kati ya elfu moja za bar. Kazi ya kuishusha presha ya mtungi hadi kiwango hicho hufanywa na regyuleta, kile kifaa kinachobanwa juu ya valvu ya mtungi na kuunganishwa na mpira. Regyuleta haiongezi presha, haipunguzi matumizi na haisafishi gesi. Kazi yake ni kuhakikisha kwamba, mtungi uwe umejaa au umekaribia kuisha, jua liwe kali au kuwe na baridi, jiko linapata presha ileile.

Zipo regyuleta za presha kubwa, zenye kishikio cha kuzungusha, zilizotengenezwa kwa majiko makubwa ya mama lishe, hoteli na shule. Baadhi ya watu huzinunua kwa ajili ya jiko la nyumbani la vichwa viwili wakiamini kwamba moto utakuwa mkali na chakula kitaiva upesi. Moto utakuwa mkali kweli, lakini matundu ya jiko hilo hayakupimwa kwa gesi nyingi hivyo, hewa inayochanganyika nayo haitoshi, mpira na viungio vinabeba mzigo visioumudu, na sehemu kubwa ya joto hupita kando ya sufuria na kupasha ukuta. Kununua regyuleta isiyolingana na jiko ili kuokoa dakika kumi ni hasara ya wazi.

Jambo jingine linalowatia watu wasiwasi ni mtungi kuwa wa baridi, na wakati mwingine kutoa jasho upande wa chini, unapotumika kwa muda mrefu. Wapo wanaosema gesi hiyo imechanganywa na maji. Ukweli ni kwamba kimiminika chochote kinachogeuka mvuke huchukua joto kutoka kwenye chombo chake, kama mtungi wa udongo unavyoyapoza maji ya kunywa kwa kuyaacha yapenye na kukauka polepole kwenye uso wake, kazi ambayo hewa kavu ya Dodoma huisaidia sana. Chuma cha mtungi wa gesi hupoa kwa sababu hiyohiyo, na unyevu ulio hewani hugandamana juu yake. Kadiri moto unavyokuwa mkubwa, ndivyo kimiminika kinavyochemka haraka, na ndivyo chuma kinavyozidi kupoa.

Kupoa huko kuna matokeo yanayoonekana zaidi asubuhi za Juni na Julai. Propani huchemka kwa urahisi zaidi, kwa hiyo hutangulia kutoka, na kimiminika kinachobaki kuelekea mwisho wa mtungi huwa na butani nyingi zaidi. Butani katika mtungi uliopoa haina nguvu ya kutosha kulisha moto mkubwa, hasa majiko mawili yakiwashwa kwa pamoja, na moto hunyong'onyea kana kwamba gesi imeisha. Mwenye nyumba hubeba mtungi dukani kubadilisha, akimrudishia muuzaji gesi ambayo ingetosha kupika siku mbili nyingine. Kabla ya kufanya hivyo ni vyema kuupa mtungi nafasi ya kurudia joto la chumba na kuupima kwenye mizani. Haifai kuumwagia maji ya moto, kuuweka juani wala kuusogeza karibu na jiko la mkaa, mambo ambayo nimesikia yakishauriwa kwa uhakika wa kutisha. Haifai pia kuulaza au kuugeuza juu chini ili kumalizia mabaki, kwa kuwa valvu imekusudiwa kupitisha mvuke ulio juu. Mtungi ukilala, kinachoingia kwenye regyuleta na mpira ni kimiminika, na kimiminika hicho hutanuka mara 250 mbele ya moto uliowashwa.

Sasa kilo. Nchini Tanzania mitungi inayojulikana sana ni ya kilo 3, 6, 15 na 38, na tarakimu hizo ni uzito wa gesi iliyomo, bila kuhesabu chuma. Uzito wa chuma chenyewe hutofautiana kati ya mtungi na mtungi, hata wa kampuni moja, na kwa sababu hiyo kila mtungi una uzito wake mtupu uliogongwa au kuandikwa karibu na shingo, mara nyingi ukitanguliwa na herufi TW. Hesabu ni nyepesi: tuseme mtungi umeandikwa kilo 7.2 ukiwa mtupu. Ukijazwa kilo sita unapaswa kusoma 13.2 kwenye mizani. EWURA, mamlaka inayodhibiti biashara hii na ambayo makao yake makuu yapo hapahapa Dodoma, inawataka wauzaji wa gesi ya mitungi kuwa na mizani, na mteja ana haki ya kupimiwa kabla ya kulipa. Lakiri ya plastiki iliyofunika valvu inapaswa kuwa nzima, lakini lakiri haimwambii mtu ni kilo ngapi zimo. Mizani ndiyo inayosema. Mteja anayeona aibu kuomba apimiwe mtungi, ilhali huomba kupimiwa nyama na sukari bila kufikiri, anajidhulumu mwenyewe.

Kutikisa mtungi hakusaidii, kwani sauti ya kimiminika haitofautishi kilo nne na kilo sita. Vile vipimo vya saa vinavyofungwa kwenye regyuleta, vyenye rangi ya kijani, njano na nyekundu, havisaidii sana pia, na sababu yake inatokana na yale tuliyokwisha kuyaona: vinapima presha, na presha ya mvuke hufuata joto na mchanganyiko uliomo, si wingi wa kimiminika kilichobaki. Mtungi wenye kilo tano na mtungi wenye kilo moja, vyote vikiwa kivulini katika chumba kimoja, vinaweza kuonyesha presha zinazokaribiana sana. Mshale utaanguka kwa haraka pale tu kimiminika kinapokaribia kwisha, wakati ambapo mpishi ameshajionea mwenyewe.

Kuna pia wanaolalamika kwamba mtungi haujazwi hadi juu. Ni kweli, na hivyo ndivyo inavyopaswa kuwa. Takriban sehemu moja kati ya tano za ujazo wa mtungi huachwa wazi kwa makusudi, kwa sababu kimiminika hiki hutanuka kinapopata joto, na mtungi uliojazwa pomoni asubuhi ungeweza kuleta balaa ukiachwa kwenye jua la saa nane mchana la mwezi wa Oktoba au Novemba. Kilo sita zilizoandikwa tayari zimezingatia nafasi hiyo, kwa hiyo anayeiacha wazi hamwibii mteja kitu.

Baada ya kujua mtu amenunua kilo ngapi, swali linalofuata ni zitadumu muda gani, na hapa ndipo maneno kilowati na BTU yanapojitokeza kwenye maboksi ya majiko na hita. Yote mawili hueleza kasi ya kutoa joto. BTU ni kipimo cha zamani cha Waingereza ambacho Wamarekani bado wanakitumia, na kilowati moja ni sawa na takriban BTU 3,400 kwa saa. Kilo moja ya LPG ina nishati ya takriban kilowati-saa 12.8. Kichwa cha jiko chenye kilowati mbili, kikiwashwa kwa nguvu zote, kitamaliza kilo hiyo kwa saa sita hivi, na mtungi wa kilo sita kwa takriban saa 38. Vichwa viwili vikiwaka pamoja, muda unagawanyika kwa mbili. Familia inayosema kwamba mtungi wa jirani hudumu mwezi mzima nao wao huwaishia siku ya kumi na tano inafaa ihesabu saa za moto kabla ya kumlaumu muuzaji: nani anachemsha maharage bila kuyaloweka, nani anapasha maji ya kuoga ya watu watano, nani anaacha moto mkubwa ukiwaka chini ya sufuria ndogo.

Hita ya maji ya papo kwa papo, ile inayofungwa ukutani katika nyumba za kulala wageni, hutoa kilowati kumi hadi kumi na mbili, na kwa hiyo hula karibu kilo nzima kwa saa. Kuoga kwa dakika kumi ni kama gramu 160. Wafugaji wa kuku wanaopasha mabanda ya vifaranga kwa bruda ya gesi wanaweza kutumia hesabu hiyohiyo: gawanya kilowati zilizoandikwa kwa 12.8, utapata kilo kwa saa moja. Bruda ya kilowati tatu ikiwaka mfululizo kwa saa kumi na mbili za usiku itakula karibu kilo tatu, na mfugaji anayepanga kutumia mtungi wa kilo sita kwa wiki nzima ataamka akute vifaranga vimerundikana kwa baridi.

Niongeze jambo moja kwa waliohamia hapa kutoka pwani pamoja na wizara zao, kwa maana nao wana lawama yao kwamba gesi ya Dodoma ni nyepesi na maharage hayaivi. Gesi ni ileile. Jiji lipo zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hewa yake ina presha ndogo kuliko ya Dar es Salaam, na maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi badala ya 100. Kinachochelewesha maharage ni maji yanayochemka yakiwa na joto pungufu, na kuongeza moto hakutayafanya yapite nyuzi hizo 96. Kutachoma gesi tu. Sufuria ya presha hutatua tatizo hilo barabara.

Rangi ya moto nayo imezushiwa mengi. Moto wa buluu humaanisha kwamba gesi imepata hewa ya kutosha na inaungua yote. Moto wa njano unaopaka masizi humaanisha hewa haitoshi, na mara nyingi chanzo ni jiko lenyewe: matundu yaliyozibwa na uji uliofurika, buibui au vumbi kwenye bomba la kuingizia hewa, au kichwa kilichokaa upande. Kusafisha hutosha mara nyingi. Moto usioungua vizuri pia hutoa monoksidi ya kaboni, hewa yenye sumu isiyo na rangi wala harufu, inayomlaza mtu kabla hajajua kuna tatizo. Jiko la mkaa huitoa kwa wingi zaidi, na desturi ya kuliingiza chumbani usiku wa baridi na kufunga madirisha imeua watu. Kulibadilisha na jiko la gesi lililowashwa usiku kucha ili kupasha chumba hakuondoi hatari hiyo, kwa kuwa jiko la kupikia halikuundwa kupasha chumba, nalo hutumia hewa ileile anayoivuta mtu aliyelala.

Harufu, kwa upande mwingine, huwekwa makusudi. Propani na butani hazina harufu yoyote. Kinachonuka kama kabichi iliyooza ni kemikali yenye salfa iitwayo merkaptani, inayochanganywa kwa kiasi kidogo sana ili uvujaji ugundulike mapema. Harufu kali haimaanishi gesi kali, na mtungi unaokaribia kuisha unaweza kunuka zaidi kwa kuwa kemikali hiyo huchelewa kugeuka mvuke kuliko gesi yenyewe, ikabaki nyingi mwishoni.

Pamoja na harufu kuna sifa moja ambayo kila mwenye mtungi anapaswa kuijua: LPG ni nzito kuliko hewa, propani mara moja na nusu na butani mara mbili. Ikivuja haipandi juu kutokea dirishani kama ambavyo methani ingefanya. Hushuka sakafuni, hutambaa chini ya kabati na kitanda, na hutuama katika mashimo ya maji machafu. Huwaka pale inapofikia kati ya asilimia mbili na kumi za hewa ya chumba, na cheche ya swichi ya taa inatosha. Ajali nyingi zinazosimuliwa kwamba mtungi umelipuka ni za chumba kilichojaa gesi iliyovuja usiku kwenye mpira uliochakaa au mpira mdogo wa valvu uliopasuka, kisha mtu akaingia alfajiri na kubonyeza swichi. Uvujaji hutafutwa kwa povu la sabuni kwenye viungio, kamwe si kwa kiberiti. Harufu ikisikika, valvu ifungwe, milango ifunguliwe, swichi ziachwe zilivyo, yaani iliyowashwa ibaki imewashwa na iliyozimwa ibaki imezimwa, watu watoke nje, na simu ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, namba 114, ipigwe wakiwa mbali na nyumba.